Dawa ya Pancha

Wagonjwa wake walimwita Dada Usukani, na jina hilo lilimkaa kuliko hata lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minane, mrefu, mwenye mabega mapana, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiendesha gari la kituo cha kusafishia damu. Kazi yake ilikuwa kuwafuata majumbani watu ambao figo zao zilikuwa zimegoma kazi, kuwafikisha kwenye mashine, kuwasubiri saa nne nzima, kisha kuwarudisha. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa walikuwa watano wale wale. Aliwasoma kwa miguu. Mtu akipanda gari kifundo kimevimba, yeye alijua kuwa jana kiu ilimshinda, akanywa maji kuliko alivyoruhusiwa, na alijua pia kwamba hilo halisemwi.

Aliyekaa mbele pembeni yake alikuwa karani mstaafu wa mahakama, mzee mwembamba wa maneno mengi, ambaye kila mtu alimwita Karani. Huyu alikuwa na mzaha wa kazi yake ya zamani. Akiingia garini alisema, "Mheshimiwa Dereva, kesi na iitwe." Foleni ikisimama alisema kikao kimeahirishwa. Kwenye mkono wake wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko, madaktari walikuwa wameunganisha mishipa miwili ili sindano za mashine zipate pa kuingia. Mahali pale palituna, na damu ilipita kwa kasi hata ukiweka vidole ulisikia mngurumo mdogo, kama nyuki kwenye kopo. Kila asubuhi kabla ya kufunga mkanda Karani aligusa pale kwa vidole viwili, akatikisa kichwa, akasema, "Mitambo inafanya kazi. Twende."

Kuendesha, Dada Usukani alifundishwa na kaka yake. Baba yao alifariki yeye akiwa darasa la nne, na kaka yake, aliyekuwa amemzidi miaka sita, akaacha shule akaingia kwenye matairi. Hakuwahi kutoka. Sasa alikuwa na karakana yake, banda la mabati lenye kompresa moja iliyokohoa siku nzima, beseni la maji ya kutafutia matundu, na rafu ya matairi yaliyopangwa kwa ukubwa. Watu walimwita Kiganja. Tairi likishavuliwa kwenye rimu, kaka huyu alikuwa akiingiza mkono mtupu ndani na kuuzungusha taratibu, uso ameugeuzia pembeni, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye begi la mwenzake. Mkono ulimwambia waya uliokatika, uvimbe unaoanza, mahali palipopata joto kupita kiasi. Wateja wenye haraka aliwaudhi. Alikuwa tayari kuvua tairi zima kwa sababu ya tundu ambalo fundi mwingine angeliziba kwa nje ndani ya dakika tano.

Shida ilianza barabara ya kwenda kituoni ilipoanza kupanuliwa. Kwa mwaka mzima maseremala wa mkandarasi walikuwa wakigonga na kubomoa mbao za kumwagia zege, na misumari ilibaki kwenye vumbi. Gari likapata pancha nne ndani ya miezi mitatu. Tatu zilikuwa za kawaida: unasimama, unapiga jeki, unabadilisha, unaendelea. Ya nne ndiyo iliyomharibia usingizi.

Ilikuwa Jumatano asubuhi. Tairi la nyuma lilishuka katikati ya kipande kisicho na nyumba wala mti. Dada Usukani aliwashusha wagonjwa, akawakalisha kwenye kingo za zege, akavua gurudumu, akafunga lile la akiba. Alipoteremsha jeki, gari likakaa, na tairi la akiba likakaa nalo, bapa, kama ndala. Halikuwa na upepo. Alibaki ameshika spana akilitazama. Kila Jumatatu alitakiwa kupima upepo wa matairi matano. Alikuwa akipima manne. La tano lilifungwa chini ya gari, kulifikia lazima ulale chali, na yeye alikuwa hajalala chali miezi mingapi, hata hakumbuki.

Walikaa juani saa moja na dakika arobaini hadi gari jingine lilipokuja. Kituoni zamu zilikuwa zimeshavurugika. Wanne walibanwabanwa kwenye mashine kwa muda mfupi kuliko kawaida, na mashine ya tano ilikuwa imeshapewa mtu mwingine. Karani, kwa uungwana wake, akasema yeye ni mwembamba, atasubiri hadi kesho. "Kesi yangu iahirishwe," alisema, na wauguzi wakacheka.

Kulipokucha alikuwa amelazwa, mapafu yamejaa maji, amewekewa hewa puani. Alikaa wodini siku tisa. Dada Usukani alikwenda kumjulia hali siku ya tatu. Mke wa Karani alimpa kiti, akamshukuru kwa kuja, kisha akaketi, mikono mapajani. Hakulaumu. Hakuuliza. Dada Usukani alitoka pale akiwa amechoka kuliko kama angetukanwa.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kwa kaka yake. Alikuwa amesikia habari za dawa ya pancha kwa madereva wenzake: maji mazito ya kijani yenye nyuzi laini ndani, yanayosukumwa kwenye tairi kupitia valvu. Msumari ukitoboa, upepo unaotoroka unayasukuma yale maji kwenye tundu, nyuzi zinashikana, tundu linaziba lenyewe, na dereva hata hajui. Madereva waliisifu kama watu wanaosifu mganga. Yeye alitaka matairi yote ya gari la kituo yatiwe, na alitaka kaka yake ndiye atie.

Kiganja alisikiliza hadi mwisho huku akifuta mikono. Kisha akaeleza kwa upole, kama alivyozoea kumweleza mambo tangu utotoni. Alisema dawa yenyewe si mbaya. Ukiwa porini na wagonjwa, itie, ikufikishe, halafu siku hiyo hiyo lete tairi nilifungue, nilioshe, nitazame ndani, nitie kiraka. Lakini kuiacha ikae humo miezi na miezi ni jambo jingine. Msumari unabaki pale pale. Maji ya mvua yanafuata msumari, yanazifikia waya za chuma za ndani ya tairi, waya zinashika kutu. Na wewe huambiwi kitu, kwa sababu tairi halishuki upepo.

"Tairi linalokushukia linakuudhi," alisema, "lakini angalau linakwambia. Hili litanyamaza."

"Mimi sitaki kuambiwa nikiwa na mgonjwa barabarani, Kaka. Nataka kufika."

"Basi tupime upepo kila wiki, na la akiba pia. Mimi mwenyewe nitakuja kupima."

Alilisema bila kejeli, lakini lilimchoma pale pale palipokuwa na kidonda, maana hakuwa amemwambia mtu kwa nini tairi la akiba lilikuwa bapa. Maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Wewe unatetea viraka vyako. Watu wakiacha kupata pancha, utakula nini?"

Kiganja aliweka kitambaa juu ya beseni. Huyu ndiye aliyeacha shule yeye asome. Alimtazama mdogo wake, akasema, "Sawa," akamwendea mteja mwingine aliyekuwa anasubiri.

Wiki ile ile dawa ilitiwa na muuza vipuri karibu na kituo, na mkuu wa kituo aliifurahia sana. Tangu hapo miezi minane ilipita bila pancha hata moja. Karani alirudi kwenye kiti chake cha mbele, amepungua, koti linamning'inia, lakini mzaha upo. Barabara ilizidi kumwaga misumari, magari mengine yalionekana yamesimama pembeni kwenye jeki, na Dada Usukani aliyapita akiwa ameketi wima. Kwa kaka yake hakupita tena. Walikutana nyumbani kwa mama yao Jumapili, wakaamkiana, wakaulizana habari za watoto, kila mmoja akatafuta la kufanya. Mama yao aliona, na alipomuuliza binti yake kuna nini kati yenu, binti alisema ni uchovu wa kazi.

Kulikuwa na jambo moja tu. Asubuhi, gari likiwa limelala, usukani ulitetemeka. Muuza vipuri alimweleza kwamba ile dawa gari likisimama hutuama chini ya tairi, gurudumu likawa zito upande mmoja, na ukitembea kidogo inasambaa na mtetemo unakwisha. Kweli ulikwisha. Kila asubuhi ulimsindikiza hadi kituo cha mafuta, kisha ukamwacha. Wiki ya kwanza ulimkera. Mwezi wa pili alikuwa amekwisha kuuzoea, kama mtu anavyozoea mlango wa nyumbani kwake unaolia.

Mwezi wa nane mtetemo ukapita kituo cha mafuta. Siku moja ulimfikisha darajani. Wiki iliyofuata ulimfikisha hadi getini kwa kituo. Aliuona, lakini aliuona kwa jicho la mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba ni kawaida. Alijiambia kuna baridi, dawa imekuwa nzito. Alijiambia barabara imezidi kuchimbika. Tairi la mbele kushoto lilianza kuhitaji kuongezwa upepo kila Jumatatu, akaliongezea. Mara moja alikwenda kubalansi magurudumu, yaani kusawazisha uzito wake, kwenye karakana ya mbali na ya kaka yake. Fundi wa pale aliweka lile la kushoto kwenye mashine mara tatu, likampa hesabu tatu tofauti. Akasema tairi lenye maji ndani mashine hailielewi, akamshauri alifungue atazame ndani. Dada Usukani alisema wiki ijayo. Kulifungua kulikuwa na maana ya kuisafisha dawa, na kuisafisha dawa kulikuwa na maana ya kukubali. Wiki ijayo ikaja, akasema wiki ijayo.

Jumapili moja gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba ya mama yao. Kiganja alipofika alipita kando yake kuelekea mlangoni, na kwa mazoea ya mkono, kama mtu anavyompapasa mbwa anayemjua, akapitisha kiganja juu ya tairi la mbele kushoto. Akasimama. Akapitisha tena, mara hii taratibu. Dada Usukani alikuwa amesimama kizingitini akimtazama.

"Hili mara ya mwisho limefunguliwa lini?" aliuliza.

"Linatembea," alijibu yeye.

Kiganja alijifuta vumbi kwenye suruali, akampita, akaingia ndani kumsalimia mama.

Ijumaa ya wiki ile, saa kumi jioni, walikuwa njiani kurudi. Watu wakitoka kwenye mashine huwa wamekwisha nguvu. Wanne walikuwa wamelala nyuma, vichwa vimeegemea vioo. Karani alikuwa macho. Alikuwa anamsimulia habari za hakimu mmoja aliyekuwa akisinzia kortini na jinsi yeye alivyomwamsha kwa kuangusha faili. Usukani ulikuwa unatetemeka mikononi tangu walipotoka, na Dada Usukani alikuwa anacheka.

Kwanza kilisikika kishindo cha kitu kinachopiga bodi chini ya miguu yao, mara tatu, haraka. Ilikuwa ngozi ya nje ya tairi imebanduka inachapa. Kisha tairi likapasuka. Usukani ukavutwa kushoto kwa nguvu ambayo hakuwahi kuijua. Hakukanyaga breki. Hilo alifundishwa na kaka yake miaka ishirini na mitano nyuma, kwenye uwanja mtupu, na mwili ulilikumbuka kabla ya akili. Alishika usukani kwa mikono yote, akatoa mguu kwenye mafuta, akaliachia gari lipungue mwendo lenyewe. Mwendo ulikuwa umeshapungua sana lilipotoka barabarani, likashuka kwenye majani, na ubavu wa kushoto ukagonga ukingo wa zege wa mfereji. Likasimama limeinamia upande mmoja.

Aligeuka akahesabu. Mmoja alikuwa anatokwa damu kwenye nyusi. Mgonjwa mwingine, mama mshonaji, alikuwa analia bila sauti. Wote walikuwa wanapumua, wote walimwitikia. Karani alikuwa ameketi vile vile, mkanda umemshika, mlango umeingia ndani na kuubana mkono wake wa kushoto dhidi ya kiti. Alipouchomoa haukuwa na jeraha kubwa, mchubuko tu uliokuwa unageuka rangi. Aliweka vidole viwili pale pa kila siku. Akavisogeza. Akavisogeza tena.

"Umenyamaza," alisema.

Madaktari walijaribu siku mbili. Mshipa ulikuwa umeziba na damu iliyoganda, haukufunguka. Ilibidi Karani awekewe mpira shingoni, mrija wenye midomo miwili unaoingia kwenye mshipa mkubwa, ndipo asafishwe damu. Mpira wa shingoni unaruhusu kuishi, lakini hauruhusu mengi. Hauruhusiwi kulowa. Ukiingiwa na vijidudu, vinakwenda moja kwa moja kwenye damu. Wauguzi walimweleza mkewe namna ya kuufunga, na mkewe akarudia maneno yao moja moja kwa sauti, kama mwanafunzi.

Askari wa barabarani walipima, wakaandika kwamba tairi lilipasuliwa na kitu chenye ncha kali kilichokuwa barabarani. Ni nani angebisha? Barabara yenyewe ilijulikana. Na hapo ndipo Dada Usukani alipoanza kusifiwa. Watoto wa mama mshonaji walikuja kumshukuru kwa kutokanyaga breki. Mkuu wa kituo alimsimamisha mbele ya wafanyakazi, akasema gari lingekuwa mikononi mwa mwingine leo tungekuwa kwenye mazishi. Watu wakapiga makofi. Yeye alitazama viatu vyake. Nyumbani, mumewe alipomwambia amshukuru Mungu, alijikuta amemjibu kwa ukali ambao haukumhusu.

Gari lilipovutwa hadi kwenye uwanja wa kituo, Kiganja alikwenda mwenyewe bila kuitwa, akavua lile gurudumu, akalibeba. Siku ya pili yake alimpigia dada yake simu, akamwambia kwa kifupi aje.

Alikuwa amelikata tairi vipande viwili na kuliosha. Ndani ya beseni kulikuwa na tope la kijani. Juu ya benchi alikuwa amepanga vitu vinne: misumari mitatu na kipande cha waya wa kufungia nondo. Alimshika mkono mdogo wake, akauweka ndani ya tairi, mahali msumari mmoja ulipokuwa. Waya za tairi zilikuwa za rangi ya kahawia. Alipozibana kidogo, zilivunjika kama vijiti vikavu.

"Huu ulikuwemo muda mrefu," Kiganja alisema. "Miezi mitano, sita. Dawa ilifanya kazi yake. Tairi halikukushukia hata siku moja."

Dada Usukani hakuutoa mkono. "Ulitetemeka wiki tatu," alisema. "Usukani. Nilijua, Kaka. Au nilikuwa najua na sitaki."

Kiganja aliketi juu ya tairi lililolala, mikono yake mikubwa inaning'inia katikati ya magoti.

"Jumapili ile niliugusa uvimbe," alisema. "Ulikuwa mdogo, kama nusu ya yai. Niliusikia."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza lini limefunguliwa. Hukuniambia lina uvimbe."

"Ndiyo," alisema Kiganja. "Nilikuwa bado nimekasirika. Nikasema moyoni, si anajua mwenyewe."

Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Walikaa pale hadi mteja alipokuja, Kiganja akainuka kumhudumia. Alipokuwa anapita alisema bila kugeuka kwamba askari hawakumuuliza kitu, na yeye hana mpango wa kuwatafuta. Uamuzi alimwachia.

Dada Usukani alikaa na uamuzi huo siku nne. Siku ya tano, Jumamosi asubuhi, alikwenda nyumbani kwa Karani. Alimkuta kwenye kiti cha mkono karibu na dirisha, bandeji nyeupe shingoni. Mkewe alikuwa ameketi mkekani na rundo la mashati, anafumua kola moja baada ya nyingine kwa wembe ili zisiusugue mpira. Dada Usukani alikataa kiti. Alisimama.

"Mzee, tairi halikupasuliwa na kitu cha siku ile," alisema. "Lilikuwa limeoza ndani. Dawa ya pancha niliitaka mimi. Kaka yangu alinikataza. Usukani ulitetemeka wiki tatu, nikaambiwa nifungue tairi, sikufungua."

Wembe wa mke wa Karani ulisimama. Karani alimtazama mgeni wake, na alipozungumza sauti ilikuwa ya ofisini, kavu, isiyo na mzaha.

"Nani mwingine anajua?"

"Kaka yangu."

"Pameandikwa popote?"

"Hapana, Mzee."

"Kwa hiyo ungenyamaza, faili lingefungwa."

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa polepole, kwa tahadhari, kwa sababu ya shingo. "Nimeandika maungamo ya watu miaka thelathini na miwili," alisema. "Wote walikuwa wamekwisha kukamatwa. Wewe hujakamatwa, sijui nikuandike wapi." Kisha akageukia dirishani. "Nenda, binti yangu. Leo sina neno zuri la kukupa, na baya sitaki kukupa."

Mkewe alimsindikiza hadi getini, shati moja bado liko mkononi. Pale alisimama, akasema kwamba siku ile mumewe alipolazwa mara ya kwanza, yeye alitaka kumuuliza kwa nini tairi la akiba halikuwa na upepo, akaona haya.

"Sikuwa nimelipima, Mama," alisema Dada Usukani. "Tangu lini, hata sijui."

Yule mama aliitika kwa kichwa. "Ningekuuliza," alisema, kama anayejilaumu mwenyewe, akafunga geti.

Jumatatu alimweleza mkuu wa kituo. Mkuu alikasirika, na kilichomkasirisha zaidi ni kwamba alikuwa ameanza kwa Karani. Aliitisha maelezo kwa maandishi, akampa onyo, akamwondoa kwenye gari la wagonjwa. Habari zilifika kwa askari, maelezo yakachukuliwa upya, na hadi leo hajaambiwa mwisho wake. Waliompigia makofi sasa walimsalimia harakaharaka wakapita. Matairi ya magari yote ya kituo yalipelekwa kwa Kiganja yafunguliwe. Katika gari jingine, lililokuwa limetiwa dawa ile ile, kulikuwa na misumari miwili imelala kwenye kijani chake, waya zake bado nzima.

Sasa Dada Usukani anaendesha pikapu ya kupeleka sampuli za damu maabara na kurudi na majibu. Pembeni yake kuna sanduku la barafu. Kila asubuhi analala chali chini ya gari na geji ya upepo mkononi, na wafanyakazi vijana wanacheka vumbi la mgongoni kwake. Kaka yake anakula kwa mama Jumapili kama zamani, wanaongea kidogo zaidi ya zamani, lakini kuna maneno bado wanayazunguka. Gari la wagonjwa limepata dereva mwingine, kijana mpole. Karani hakai tena mbele. Anakaa kiti cha nyuma katikati. Mara moja mpira wake uliingiwa na vijidudu, akalazwa wiki mbili kwa homa, na wiki mbili hizo Dada Usukani alipeleka maabara kichupa cha damu chenye jina lake karibu kila siku, akisoma ile karatasi iliyobandikwa na kukigeuza upande wa pili. Karani alitoka wodini. Madaktari wanafikiria kuunganisha mishipa ya mkono wa kulia, lakini mishipa yenyewe ni myembamba, na itachukua miezi kujua kama imekubali.

Dada Usukani na Karani walikuwa hawajasemeshana zaidi ya shikamoo na marahaba hadi wiki iliyopita. Alikuwa anapakia sanduku Karani alipokuja kutoka mlango wa mashine, ameshikilia ukuta. Alisimama hatua chache kutoka kwenye pikapu. Alisema binti yake wa mwisho amenunua gari, atakuwa analiendesha kwenda kazini mbali, na dukani wamemwambia atie ile dawa kwenye matairi asisumbuke na pancha.

"Ameniuliza mimi," alisema Karani. "Nikamwambia nitauliza anayejua."

Dada Usukani aliliweka sanduku chini.

"Mwambie aweke kopo moja kwenye buti, Mzee. Akikwama mahali pabaya aitie, imfikishe. Akifika tu, siku hiyo hiyo, tairi lifunguliwe, lioshwe, litazamwe ndani. Na usukani ukitetemeka asingoje mtu amweleze kwa nini. Asimame."

Karani alisikiliza, macho yamefinywa, kama anayepima kila neno kabla ya kuliandika. Aliuliza kama kaka yake bado ana lile banda la matairi. Alipoambiwa bado, aliitika, akageuka, akaenda taratibu kuelekea kwenye gari lililokuwa linamngoja, mkono mmoja umeshika kola.